Inchi Moja ya Mshono

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimezaliwa upya. Nimezaliwa kipara.

Mwalimu wa kompyuta ametuingiza wanachama wote wa klabu katika ule ulimwengu wa mtandaoni aliokuwa akituahidi tangu muhula uliopita. Humo kila kitu kimetengenezwa na watumiaji wenyewe: nyumba, viatu, mpaka mawingu. Kila shule iliyo kwenye mradi imepewa kisiwa. Chetu ni kitupu. Mchanga, bahari, mlingoti usio na bendera, na mlango mmoja uliosimama peke yake bila nyumba. Mwalimu anasema mlango huo ni wa mfano. Kila mwanafunzi amepewa mtu wake, yaani umbo atakalotembea nalo humo. Mtu wa Malkia ametokea na nywele hadi mabegani. Wangu hana hata unyusi, na amevaa fulana ya kijivu kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

(Malkia ni dada mkuu wa shule. Jina hilo nilimpa mimi, lakini limeshaenea, kwa hiyo si langu tena.)

Sote ni wageni. Mgeni anaruhusiwa kutembea, kuruka, kukaa, kupunga mkono na kumvisha mtu wake mwenyewe. Basi. Asiguse kitu kingine. Shule imepewa nafasi moja tu ya mjenzi, na Mwalimu atamchagua Ijumaa ya wiki ijayo, siku ambayo shule nyingine zitaingia kukizindua kisiwa. Mtihani wenyewe ni kubuni sare ya watu wetu. Sare itakayopita ndiyo itakayovaliwa na wote, na aliyeibuni atakuwa mjenzi hadi mwisho wa mwaka.

Nikainua mkono. Nikamkumbusha Mwalimu kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa hiyo keshokutwa wote tuwe wajenzi. Mwalimu akasema methali ni kipindi cha saa nne, na kina mwalimu wake. Malkia akacheka kwa pua.

Haya. Mjenzi nitakuwa mimi. Sababu ninayo, na ninaiandika hapa tu. Mama ni fundi cherehani, na tangu niliposhika sindano hajawahi kuacha kitu nilichoshona kikae kama kilivyo. Hufumua. Foronya, aproni, hata leso. Anavuta uzi mmoja, trrr, kazi yangu ya mchana kutwa imerudi kuwa kitambaa. Nataka kutengeneza kitu kimoja tu duniani kisichofumuliwa. Ikishindikana duniani, basi kisiwani.

Jumanne, 6 Mei

Ushindi umekuja wenyewe, umebisha hodi!

Mwalimu ametupa kiolezo. Ni picha ya mwili wa mtu uliotandazwa bapa kama ngozi iliyoanikwa: mbele huku, nyuma kule, mikono pembeni, miguu chini. Unachora nguo juu yake, unaipakia, kompyuta inamvisha mtu wako. Wenzangu walikodoa macho. Kasuku, jirani yangu wa dawati, ambaye mdomoni mwake hakikai kitu isipokuwa chakula, aliuliza kama hiyo ni ramani ya nchi gani.

Ramani! Mimi nimekua chini ya meza ya kukatia. Nimetambaa juu ya karatasi za namna hiyo kabla sijaota meno. Nikamtazama Malkia. Anajaza rangi ndani ya mistari, polepole, ulimi nje, kama mtoto wa chekechea. Nikamhurumia.

Mimi sikupaka rangi. Mimi nimekata. Kila kipande nimekizidishia inchi moja pande zote, maana Mama anasema asiyeacha inchi ya mshono atalia mbele ya mteja. Kisha sketi nikaiongezea pindo la kukulia, upana wa kiganja. Sare isiyo na pindo la kukulia ni sare ya wapumbavu. Yangu mimi imeshushwa mara mbili, na mistari ya mapindo ya zamani bado inaonekana. Malkia anasema sketi yangu ina historia. Ni kweli. Yake haina hata utangulizi.

Kesho tunapakia. Nimemwambia Kasuku asimwambie mtu.

Jumatano, 7 Mei

Siku chafu.

Tulipakia. Mtu wa Malkia akavaa shati jeupe na sketi ya buluu, akasimama kama picha ya kalenda. Mtu wangu akavaa, na chumba kizima kikanyamaza. Halafu hakikunyamaza tena.

Nembo ya shule imeingia kwapani. Mfuko wa kifuani uko kisogoni. Pindo la kukulia limeteremka likapaka viatu, hivyo mtu wangu anatembea kama aliyekanyaga ndoo ya rangi. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba humo nguo hazishonwi. Picha inajikunja yenyewe mwilini. Ile inchi yangu, kwa kuwa haikuwa na mshono wa kuingia, imekwenda kukaa kwa majirani. Akaongeza kwamba watu wa humo hawakui.

Malkia akaniuliza kwa huruma kubwa, sauti ya kusikika mpaka dirishani, kama kwetu tunavaa kabla taa hazijawashwa.

Hadi mapumziko Kasuku alikuwa amefika jikoni. Mpishi alinipakulia chakula, akanigeuza bega, akanikagua shingo. Akasema, wee mwanangu, nasikia una mfuko kisogoni, unawekea nini huko, akili? Foleni nzima ikaangua kicheko.

Naandika msimamo wangu ili ujulikane: sikukosea. Nguo yangu iko sahihi. Kisiwa ndicho kisicho na mishono.

Alhamisi, 8 Mei

Nimegundua jambo. Mtu wako unaweza kumbadilisha maumbile! Kuna vitelezo vya urefu, mabega, kiuno, mikono, hata umbali wa jicho na jicho. Unavuta kwa kipanya, anatii.

Mama ana sheria ukutani kwake, juu ya kioo cha wateja: nguo humfuata mtu, mtu hafuati nguo. Nimeivunja. Kama sare haimkai mtu, mtu ataikaa sare! Nikavuta mabega mpaka nembo ikatoka kwapani. Nikarefusha mikono hadi magotini. Shingo nikaisukuma ndani ili kisogo kishuke, na mfuko ukashuka nacho, ukafika kati ya mabega. Si kifuani, lakini ni maendeleo.

Nikampeleka mlangoni, ule mlango wa mfano, apite kwa maringo mbele ya wote. Akakwama. Mabega huku, mikono kule. Nikimrudisha harudi, nikimsukuma haendi. Malkia alikuwa amewapanga watu wengine nyuma yake wafanye mazoezi ya kupita siku ya uzinduzi. Foleni ikafika baharini. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, Mwalimu akazima mashine, na mtu wangu amebaki pale, ameziba mlango pekee wa kisiwa.

Malkia anasema mimi ni kizuizi cha maendeleo. Nimemjibu kwamba mlango ulikatwa bila nafasi ya kukulia.

Jumamosi, 10 Mei

Nyumbani. Nimemhoji Mama kwa ujanja. Nikasema, kwa mfano tu, kuna mteja ambaye nguo yake haina mshono, haina pindo, na mwenyewe hana nyama. Afanyiwe nini? Mama, pini tatu mdomoni, akasema azikwe.

Ikabidi nieleze yote. Bibi alikuwa kitandani pake karibu na dirisha, akashusha miwani. Akauliza kama watu wa huko wanatoka jasho. Nikasema hapana. Wanazeeka? Hapana. Wanaona aibu? Nikafikiri kidogo, nikasema hapana. Bibi akasema basi waacheni uchi masikini, nguo za nini.

Mama akatema pini. Akasema kitu kisicho na mshono si nguo, ni rangi, na yeye hakumzaa mpaka rangi. Nikasema angalau huko hakuna wa kunifumulia. Ikatoka hivyo hivyo, sikuipanga. Mama aliichukua aproni niliyomaliza asubuhi, akaitazama ndani, akaitazama nje, akavuta uzi. Trrr. Akasema anafumua kwa sababu mteja hasomi nia, anasoma mshono. Bibi akasema Mama naye aliwahi kushona shati lenye mikono mitatu. Mama akamwambia Bibi alale.

Nilipokuwa naokota nyuzi, wazo likanijia. Malkia ana rangi. Mimi nina kitambaa! Kitambaa cha kweli, buluu ya sare, kiko mezani kimetandazwa. Mama alikuwa amekishikilia tayari kukikata. Nikachukua simu yake, nikapiga picha moja, haraka, kabla mkasi haujashuka. Kila uzi unaonekana. Jumatatu wataona cherehani ni nini.

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu amenisaidia kuihamisha picha. Akasema ni fikra nzuri sana (!!!), kwamba wabunifu wa kweli hufanya hivyo: kipande kimoja cha picha ya kitambaa, kisha kompyuta inakirudia na kukirudia mpaka nguo nzima ienee. Mtu wangu, ambaye Mwalimu amemkwamua mlangoni na kumrudishia maumbile, alisimama tayari. Safari hii nimepunguza ile nafasi ya mshono. Nusu inchi tu, kwa heshima ya Mwalimu.

Kitambaa kikaenea. Kizuri! Kinaonekana kina uzito. Kisha Kasuku akasogeza pua kwenye skrini, akauliza vile vidudu ni vitu gani.

Vidole gumba. Picha ilikuwa na kidole gumba cha Mama pembeni. Sikukiona, nilikuwa naangalia uzi. Sasa kipo kila mahali, safu kwa safu, kifuani, mgongoni, mikononi, kila kimoja na kovu lake dogo la sindano karibu na ukucha. Mfuko bado uko kisogoni. Nao una vidole.

Piga picha nyingine, Mwalimu akasema. Haiwezekani. Kitambaa kimeshakatwa, ni suruali mbili sasa, zimeshachukuliwa.

Malkia akasema sare yangu inamnyooshea kidole. Nikamwambia ni maua. Akasema maua gani yana kucha. Sikujibu kwa sababu nililelewa vizuri.

Pigo la pili: Mwalimu amempa Malkia nywila ya mjenzi, ya muda tu, apandishe bendera na kupanga viti vya wageni. Fisi amekabidhiwa bucha. Uamuzi bado ni Ijumaa, anasema. Lakini niliona alivyoitazama sare ya Malkia. Ni vile Mama anavyotazama kola iliyolala sawasawa. Mimi sijawahi kutazamwa kazi yangu hivyo.

Sijakata tamaa. Ninachohitaji ni watu waione sare yangu kwa wingi. Kidole kimoja ni kosa. Vidole juu ya watu wote ni mtindo.

Ijumaa, 16 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu shule nyingine zingeingia. Mwalimu alikwenda ofisini kuhakikisha umeme wa akiba uko tayari. Malkia alikaa kwenye mashine ya mbele, nywila ndani, kisiwa chote mkononi. Kisha ikafika saa ya kengele. Na nani hupiga kengele ya shule? Dada mkuu. Aliinuka kwa madaha, akatuambia tusiguse kitu, akaenda.

Kiti chake kilikuwa bado na joto.

Sikuiba. Nilitaka haki. Watu wetu wote wavae sare yangu kwa dakika chache, Mwalimu aione ikiwa imejaa kisiwani, halafu achague kwa macho yake. Kuna kitufe cha kuvisha. Kabla yake kuna cha kuchagua kila kilichomo kisiwani. Nikabofya kila kilichomo. Kilichomo ni sisi, nani mwingine? Nani huihesabu bahari kama mwanafunzi?

Kompyuta ilihesabu.

Kwanza wakavaa wenzangu, sawa. Halafu mchanga ukavaa. Viti vikavaa, mlingoti ukavaa, bendera ikavaa, ule mlango ukavaa. Bahari ikavaa, na kila wimbi likaja ufukweni na vidole gumba vya Mama, likarudi navyo. Mbingu zikavaa. Jua likapata mfuko, upande wa nyuma kidogo. Kasuku akasema, mama yako ni mkubwa, mwenzangu.

Wageni wakaanza kuingia. Kila aliyekanyaga kisiwa akavikwa. Mkurugenzi wa mradi aliingia na mtu wake mwenye suti na tai, akapiga hatua mbili, akawa na sketi.

Malkia akarudi. Mayowe aliyopiga yalishinda kengele. Akabofya kufuta, kikafutika kiti kimoja. Akabofya tena, kikafutika kingine. Kisiwa kina mchanga mwingi mno kufumuliwa hivyo. Wageni wakaandika kwenye kisanduku cha mazungumzo wakiuliza vidole vina maana gani. Malkia akaandika ni hitilafu. Mimi, kwenye mashine yangu, nikaandika ni nembo. Mkurugenzi akaandika kwamba katika visiwa vyote alivyozindua, hiki ndicho atakachokikumbuka. Naona ni sifa. Mwalimu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta muda wote huo bila mimi kujua, haoni hivyo.

Mama akaitwa.

Alikuja na futi kamba shingoni, hakuwa amepata muda wa kuivua. Mwalimu akamweleza kila kitu, kuanzia kile kiti. Mama akauliza kitu chenyewe kiko wapi. Akainama kwenye skrini. Akakiona kidole. Akakitazama cha mkononi, akakitazama cha baharini, kovu kwa kovu. Nilikuwa nasubiri uzi uvutwe.

Akaweka ukucha juu ya skrini, kwenye kisogo cha mtu wangu. Akasema, mfuko umenyooka. Uko pabaya, lakini umenyooka.

Kisha akanigeukia akanifokea kuhusu kukalia kiti cha mwenzangu na kugusa nilichokatazwa, mfululizo, bila koma. Mwalimu akasema yeye ana ufunguo mkuu, kwa kitufe kimoja anafumua chote. Mama akamwambia afumue, ila aache mlango. Ule uliosimama peke yake. Ubaki na vidole vyake, mtoto akiupita kila siku aone aibu aliyoifanya. Mwalimu akabofya. Bahari ikavuliwa, jua likavuliwa, na Mkurugenzi pia. Mlango ukabaki.

Mjenzi ni Malkia. Mimi ni mgeni hadi mwisho wa mwaka, na kuanzia Jumatatu nitalima bustani ya shule wakati wenzangu wako klabuni.

Njiani Mama alitangulia mbele yangu mpaka karibu na nyumbani. Hapo akauliza kama mlango ule wageni wote hupitia. Nikasema wote. Akasema, mm.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetafakari kwa kina, kama Mwalimu alivyoniagiza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Moja: kisiwani kipo kitu changu ambacho hakikufumuliwa, na aliyezuia kisifumuliwe ni Mama. Kasuku ameniletea habari kwamba leo Malkia ametumia kipindi kizima kujaribu kuupaka mlango rangi nyeupe na umekataa, maana Mwalimu ameufunga kwa ufunguo mkuu. Aibu haijaniingia bado. Nitaingojea.

Mbili: wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu alinikatalia siku ya kwanza. Leo mtunza bustani amenikabidhi jembe mkononi, mbele ya shule nzima. Kwa hiyo mimi si mgeni tena. Nimemwandikia Mwalimu barua fupi ya kumjulisha hilo na kumwomba nywila. Bado hajajibu.

Tatu: nimeonyeshwa tuta langu, liko kando ya maua ya viranja. Wengine huanza kulima tu, kama wanavyojaza rangi. Mimi nilikuja na futi kamba ya Mama. Nikapima urefu, nikapima upana, nikachora mstari kwa ncha ya jembe. Kisha nikaongeza pande zote, na kwenye mwisho wa tuta nikaacha kiganja cha kukulia.

Malkia amekuja mbio, mikono juu, anasema nimeng'oa safu nzima ya maua yao. Nimemwambia asogee kidogo. Hiyo ni nafasi ya mshono.